Sura ya Nne: Na Nani?

Inspekta Ebo Essilfie alikuwa mwana wa Katekista Jacob Essilfie, aliyefundisha sarufi ya Kiingereza katika shule ya misheni ya Abakrom kwa miaka thelathini na mmoja asichelewe kengele hata siku moja. Katekista naye alikuwa mwana wa Supi Kobina Essilfie, mkuu wa kikosi cha pili cha asafo, jeshi la jadi la mji, ambaye bendera yake hadi leo hutolewa sandukuni kila mwaka na watu wakaivulia kofia. Kwa upande wa mama, Inspekta alikuwa wa ukoo wa Anona, watu wa kasuku, ambao Wafante, watu wa pwani hii, husema kwamba neno likianguka mbele yao halilali chini. Katika nyumba hizo mbili hakupata kutokea mwizi wala shahidi wa uongo. Yametangulia hayo kwa sababu, Ijumaa ile ya mvua za Juni, kilichosimama kati ya mzee mmoja na kitanzi kilikuwa ni somo alilofundishwa Inspekta na baba yake akiwa na umri wa miaka kumi na mmoja, mbele ya ubao.

Aliingia Abakrom saa mbili asubuhi. Mvua nyembamba, isiyo na haraka, ilikuwa ikinyesha tangu Jumapili. Kituo cha polisi kilinuka chokaa mbichi na sare zilizokataa kukauka. Sajini Atinga, mtu wa Bolgatanga, kaskazini ya mbali, mrefu, mwenye chale za kwao mashavuni, alipiga saluti, kisha akamsogezea faili kama mtu anayetua mzigo.

"Kazi imekwisha, bwana mkubwa," alisema kwa Kiingereza, lugha pekee waliyoielewa wote wawili. "Mtu kakiri. Gari la magereza linakuja saa tisa alasiri kumchukua. Umekanyaga tope bure."

"Tope huoshwa. Nieleze tangu mwanzo, kana kwamba sijasikia lolote."

"Amekufa Mwalimu Isaac Tandoh, wa Kiingereza, hapo sekondari. Jumatatu alfajiri wanafunzi walikwenda kisimani kuteka maji, ndoo ikagonga kitu kisicho maji. Aliyekiri ni mlinzi wa shule, mzee Kojo Baidoo. Alikiri juzi, Jumatano."

"Alimuua kwa nini?"

"Hakusema. Tunadhani mwalimu alimkuta amelala zamuni."

"Mnadhani."

"Tunadhani, bwana mkubwa."

Essilfie alianza na taarifa ya daktari. Fuvu lilikuwa limepasuka kisogoni kwa kugonga ukingo wa jiwe. Mapafuni hamkuwa na maji. Kwa hiyo Tandoh alikuwa amekwisha kufa alipofika chini. Karatasi ya pili ilikuwa imetolewa katika mfuko wa marehemu, ikakaushwa juu ya jiko. Ilikuwa barua kwa ofisi ya elimu ya mkoa. Maji yalikuwa yamekula wino, yakabakiza vipande: *mwanafunzi Ekua Krampah … sikio la kushoto … alipigwa na …* Baada ya hapo palikuwa na doa la buluu tu.

Karatasi ya tatu ilikuwa maelezo ya mshtakiwa, yameandikwa kwa Kiingereza kwa mwandiko wa kupendeza, na chini yake alama ya dole gumba. Essilfie aliisoma polepole:

*Mfuniko wa kisima ulifunguliwa na mimi. Marehemu alisukumwa na mimi. Kisima kilifunikwa na mimi.*

Aliirudia mara tatu. Ilikuwa kama zoezi la darasa la sita, lile la kugeuza kauli ya kutenda iwe kauli ya kutendwa, mtendaji akahamishwa kutoka kichwa cha sentensi hadi mkia.

"Baidoo anajua Kiingereza?"

"Hata salamu hajui."

"Na wewe Kifante?"

Atinga alikuna shavu. "Cha kununulia samaki. Nikianza kubishana bei, natukanwa na sijui nimetukanwa nini."

"Basi hii imetafsiriwa na nani?"

"Na mwalimu mkuu msaidizi, Bwana Theophilus Hagan. Mkuu yuko likizo ng'ambo. Bwana Hagan alijitolea mwenyewe. Mzee alisema, yeye akaandika. Alinitafsiria hata maelezo ya shahidi wetu, muuza kenkey wa langoni, siku ya Jumatatu."

Jina hilo halikuwa geni. Theo Hagan alikaa madawati mawili mbele ya Ebo katika darasa la Katekista, na kila Ijumaa alama zake zilisomwa kwanza. Alifunua maelezo ya muuza kenkey, Maame Araba Kwansima: *Wao waliufungua mfuniko. Wao walimsukuma mwalimu.*

"Hao 'wao' ni akina nani?"

"Bwana mkubwa, usinitoneshe kidonda. Nimepoteza siku mbili nikisaka genge. Nimekamata wapasua mbao watatu, nikawaachia. Genge halikuonekana, ndipo Bwana Hagan akanishauri nimuulize mlinzi."

"Alikushauri yeye?"

"Yeye."

Essilfie alifunga faili. "Nifungulie mahabusu."

Kojo Baidoo alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani, mikono yake mikubwa imelala mapajani. Inspekta alivua kofia akachuchumaa, kwani mtu wa adabu haongei na mkubwa wake akiwa amemsimamia kichwani. Tangu hapo walisema Kifante.

"Egya, umeamkaje?"

"Nimeamka, mwanangu. Ndilo kosa langu."

"Mimi ni Ebo, wa Katekista Essilfie."

Mzee aliinua macho. "Wa Katekista? Baba yako alinitoa darasani siku ya pili. Alisema kichwa changu ni kisiki."

"Na mimi aliniambia hivyo."

"Lakini wewe hakukutoa."

"Angenitoa, mama angemnyima chakula."

Baidoo alicheka kidogo, kicheko kikamgeukia kikohozi. Essilfie alisubiri kiishe.

"Nieleze Jumapili, Egya."

"Nimeingia zamu saa kumi na mbili. Nikapita kisimani. Nikaona wamefungua mfuniko, wameutupa pembeni. Nikawatukana, nikasema watoto wa watu watatumbukia humu. Nikauburuta, nikafunika." Vidole vyake vilianza kupapasa zege la sakafu, kama vinatafuta ukingo wa kitu. "Nimemfunika, mwanangu. Alikuwa mle. Labda alikuwa ananiita. Masikio yangu haya ya uzee…"

"Na nani alimsukuma?"

"Wamemsukuma."

"Akina nani?"

Mzee alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama aliyepotelewa na njia ya kwao. "Mimi nitawajulia wapi? Wamemsukuma, basi. Ebo, Kifante chako umekiuza wapi?"

Inspekta alihisi damu ikimpanda usoni, na alistahili. Kifante hakina kauli ya kutendwa. Sisi tuliojaliwa Kiswahili twaweza kusema "amesukumwa," tukafumba kinywa, na mtendaji akabaki gizani. Mfante hana mlango huo. Tendo lolote alisemalo ni lazima alitajie mwenyewe wake. Na asipomjua mwenyewe, husema "wa-" tu, wamefunga, wameiba, wamemsukuma. Hao si watu bali ni nafasi tupu iliyoachwa kwa asiyejulikana.

"Hayo ndiyo maneno uliyomwambia Owura Hagan?"

"Hayo hayo. Nimemwambia: wamefungua, wamemsukuma, mimi nimemfunika. Akaandika. Akaniuliza, una hakika ulimfunika? Nikamwambia, nina hakika, ni mimi. Akasema, basi weka kidole. Nikaweka. Si kweli nilimfunika?"

"Alikusomea alichoandika?"

"Alinisomea. Kwa Kiingereza. Kilikuwa kitamu kweli."

Ukumbini Essilfie alimweka Atinga kando, akamwonyesha karatasi mbili, moja katika kila mkono.

"Sajini, muuza kenkey alisema 'wa-'. Mlinzi alisema 'wa-'. Ni silabi moja. Jumatatu mtafsiri ameiandika 'wao', na wewe ukapelekwa msituni kusaka genge. Jumatano silabi ile ile ameiandika 'na mimi'. Tafsiri sahihi mara zote mbili ilikuwa moja: 'alisukumwa.' Pasipo 'na'."

Atinga aliangalia karatasi hii, akaangalia ile. Midomo yake ilicheza bila sauti. Alikuwa akiitafsiri sentensi kwa lugha ya mama yake.

"Hata kwetu," alisema hatimaye, "hata kwetu Bolga tunasema hivyo hivyo. 'Wamemuua', na hakuna aliyemwona mtu. Nilijua hili tangu nanyonya! Ila lilipoletwa kwa Kiingereza nikaliamini kama Biblia."

"Jilaumu jioni. Sasa hivi ni saa nne."

"Lakini mahakamani, bwana mkubwa, itakuwa neno la mlinzi na neno la mwalimu mkuu. Nani atasikilizwa?"

"Ndiyo maana tunakwenda shuleni. Chukua daftari lako."

Maame Araba alikuwa langoni pa shule chini ya turubai lililotoboka, kenkey zake, madonge ya unga wa mahindi, zimefungwa katika majani ya mgomba, mvuke ukimzunguka. Essilfie alinunua mbili, kwa kuwa shahidi hahojiwi na mtu mwenye mikono mitupu.

"Maame, wale waliomsukuma mwalimu, unawajua?"

"Wale gani?"

"Si ulisema wamemsukuma?"

"Ee! Wamemsukuma, wameniibia kuku, wamepandisha bei ya mahindi! Ningewajua si ningekuwa kwao nadai kuku wangu? Huyu ni polisi au mchekeshaji?"

"Jumapili uliona nini kwa macho yako?"

"Nimepita na beseni langu. Kisima kimeachama kama kinywa cha mlevi, mfuniko chini. Nikamkuta Owura Hagan mlangoni pa kanisa anaingia sala ya jioni, nikamwambia, Owura, wameacha kisima wazi. Akasema, ni ukaguzi. Akaingia kuimba."

"Uliyasema hayo Jumatatu?"

"Nimeyasema yote, mpaka kuku! Alikuwa anaandika yeye mwenyewe, muulize."

Katika maelezo yake hakukuwa na kanisa, wala ukaguzi, wala kuku.

Theophilus Hagan aliwapokea ofisini akiwa ndani ya shati jeupe lililopigwa wanga, tai nyeusi ya msiba imekaa sawasawa. Alikuwa amezeeka kwa namna ya watu safi: hakuonyesha mikunjo, alikauka tu. Kiingereza chake kilikuwa bado kile cha Katekista, kila neno limechanwa nywele.

"Ebo. Unakaribishwa. Tumepatwa na pigo. Chai italetwa."

"Asante, Theo. Nimekuja kukamilisha karatasi. Nikiangalie kitabu cha matukio cha shule."

"Kitaonekana kimetunzwa vizuri." Alilitoa kabatini jitabu lenye jalada la ngozi, akalifuta vumbi ambalo halikuwapo. "Kila siku, tangu kabla ya Uhuru. Kwa mwandiko mmoja."

"Na hakuna 'mimi' hata moja, nadhani."

Hagan alitabasamu mara ya kwanza. "Katika kitabu cha ofisi, nafsi ya kwanza ni mgeni asiyealikwa. Ni maneno ya baba yako."

"Ni yake kweli," alisema Essilfie. Aliketi, akaweka kitabu mapajani, akaanza kufunua bila haraka, kama mzee anayetazama picha za arusi. Atinga alisimama dirishani, daftari wazi.

"Mwaka wa Uhuru. 'Nguzo ya bendera ilisimamishwa.' Kazi nzito hiyo. Nani aliisimamisha?"

"Mimi. Mafundi walilewa kwa furaha. Nilichimba shimo mwenyewe."

"'Mwembe uliokauka ulikatwa na seremala Eyiah.'"

"Eyiah, ndiyo. Marehemu sasa."

"'Moto wa jikoni ulizimwa.'"

"Mimi. Koti langu liliteketea."

"'Kengele mpya ilitundikwa na Mwalimu Brew.'"

"Brew. Aliitundika upande, hadi leo inalia upande."

"'Maktaba ilipangwa upya.'"

"Mimi, likizo nzima."

Waliendelea hivyo, na Hagan alichangamka. Ni nadra mtu kuulizwa mema yake moja moja. Chai ililetwa, ikapoa. Nje mvua ilikuwa ikichora michirizi kwenye kioo, na kutoka chumba cha pili zilisikika sauti za kidato cha nne wakimsubiri mwalimu ambaye hakwenda.

"Machi, mwaka huu," alisema Essilfie kwa sauti ile ile. "'Mwanafunzi Ekua Krampah alirekebishwa kwa utovu wa adabu.'"

Hagan aliinua kikombe chake cha chai. Pembeni mwa sentensi ile, kwa wino mwekundu, kwa mwandiko mdogo wa mwalimu anayesahihisha daftari la mtoto, kulikuwa na maneno mawili: *Na nani?*

"Huu si mwandiko wako."

"Kitabu kiliharibiwa na Tandoh. Alikuwa na mtindo huo. Alikemewa."

"Huyo msichana, sikio lake la kushoto likoje?"

"Linashughulikiwa."

Essilfie alifunua mbele, hadi Jumapili. Aliisoma kwa sauti, akitua kila neno mahali pake. "'Mfuniko wa kisima uliondolewa saa kumi na moja na robo kwa ukaguzi. Mfuniko ulirudishwa saa kumi na mbili na mlinzi Baidoo.' Sentensi mbili, Theo. Moja ina mkia, moja haina. Sajini, una hesabu gani?"

Atinga alikohoa. "Matendo kumi na manane yameulizwa, bwana mkubwa. Tisa yana 'na fulani', na fulani huyo ndiye. Tisa hayana 'na'. Yote tisa, Bwana Hagan amejibu, 'mimi'."

Hagan alikirudisha kikombe kisahanini.

"Umezoea kuwaandika wengine kwa majina yao," alisema Essilfie. "Wewe mwenyewe hujiandiki. Miaka yote hii kitabu hiki kimekutaja kwa kukunyamazia. Ukurasa huu unasema wewe ndiye uliyeondoa mfuniko. Maame Araba alikwambia kisima ki wazi, ukamjibu ni ukaguzi, ukaenda kuimba. Na ulipotafsiri maelezo yake, kanisa halikuandikwa. Bwana Tandoh alikuwa na barua mfukoni iliyokatikia kwenye neno 'na'."

"Sarufi si ushahidi." Sauti ya Hagan ilikuwa imenyooka bado. "Mfuniko uliondolewa. Ukingo ulikuwa umelowa. Kama kosa lilifanywa, litachunguzwa. Mlinzi amehojiwa, maelezo yamechukuliwa, dole limewekwa…"

Essilfie aliinua mkono. Kisha, mara ya kwanza tangu aingie ofisini humo, alisema Kifante.

"Theo. Kizungu tukiache hapo. Mama yako alikuwa anauza chumvi sokoni, Kiingereza hakukijua. Chukulia yeye ndiye amekaa hapa, kwenye kiti hiki. Mwambie yeye. Jumapili, kisimani. Anza."

Hagan alifungua kinywa. Kwa lugha hiyo hakikuwapo kichaka cha kujificha. Kila tendo lilikuwa linamngoja mwenyewe, mlango wazi.

"Wa…" alisema.

"Wao akina nani, Theo? Mlikuwa wawili. Mmoja tumemtoa majini."

Mtu yule aliyekaa wima miaka hamsini aliinama taratibu mpaka paji la uso wake likagusa meza.

"Nimefungua mfuniko," alisema kwenye ubao wa meza, kwa Kifante cha mtoto. "Nilitaka kuona maji yamefika wapi. Akaja na barua yake, akanisomea. Akasema, Owura, tazama, kila mstari nimeuwekea 'na'. Akacheka. Nimemsukuma, Ebo. Kisimani sikumsukuma. Nimemsukuma tu. Kisima kilikuwa pale."

"Na Egya Baidoo? Naye alikuwa pale tu?"

Essilfie alikifunga kitabu cha matukio.

"Mkono wako uliteleza mara moja, na hakimu ataupima. Lakini Jumatano ulikaa, ukachovya kalamu, ukamvika mzee asiyejua kusoma kitanzi cha sentensi tatu. Hapo hapakuwa na ukingo uliolowa. Sajini, mchukue."

Saa nane mlango wa mahabusu ulifunguliwa. Baidoo alisimama kizingitini asitoke, kana kwamba mvua iliyokuwa nje ilimhusu.

"Umemkamata mwingine?"

"Nimemkamata aliyemsukuma. Amesema mwenyewe, 'ni mimi'."

"Lakini mimi nilimfunika."

"Egya, nisikilize vizuri. Daktari alitazama mapafu yake. Hamna maji. Alikufa pale juu, kwenye jiwe, wewe bado uko nyumbani unavaa koti. Hakukuita. Wewe ulifunika kisima ili watoto wasitumbukie. Umeelewa? Ulifunika kisima."

Mzee alirudia neno hilo mara mbili, kisima, kisima, kisha akaufunika uso wake kwa viganja na mabega yakamtikisika. Essilfie alimgeuzia mgongo ili amsitiri. Gari la magereza lilifika kabla ya saa tisa, likamchukua mwingine. Baidoo alilitazama mpaka likapotea kwenye kona.

"Na watoto?" aliuliza. "Nani yuko nao sasa?"

Hakuna aliyekuwa nao. Inspekta alirudi shuleni kwa miguu.

Kidato cha nne walisimama alipoingia. Ubaoni, kwa mwandiko ule wa kupendeza, palikuwa bado na somo la jana:

*Mvulana alivunja chungu.*
*Chungu kilivunjwa na mvulana.*
*Chungu kilivunjwa.*

Kwenye dawati la mbele kulikuwa na msichana aliyegeuza kichwa kidogo ili sikio la kulia lielekee mgeni. Essilfie hakuuliza jina lake. Alihama, akasimama upande wa sikio hilo.

"Ketini. Mwalimu wenu hatarudi, na leo hamtaambiwa zaidi ya hapo. Aliyeandika haya alifundishwa na baba yangu, na mimi nilifundishwa pamoja naye. Baba yangu alisema, katika kitabu cha ofisi nafsi ya kwanza ni mgeni asiyealikwa. Mmelisikia hilo humu?"

"Ndiyo, bwana," walijibu kwa pamoja, kwa uchovu.

"Hiyo ni nusu ya sentensi. Baba yangu hakupata kuisema nusu hiyo bila ya pili yake: ukitenda jema, jifiche; ukitenda baya, jitaje. Nusu ya pili ina uzito, ndiyo maana imedondoshwa njiani. Hata mimi nimeidondosha. Miaka ishirini nimeandika 'mtuhumiwa alihojiwa', 'mtuhumiwa alilia', na sikuandika nani aliyemliza." Alichukua chaki. "Kauli ya kutendwa si dhambi. Usipomjua mtendaji, itumie, na Mungu atakuelewa. Lakini ukimjua, ukamficha, sentensi yako ni kaburi, na ndani yake amezikwa mtu mzima."

Chini ya mstari wa tatu aliandika, kwa herufi kubwa ambazo hazikuwa nzuri kama zile za juu:

*Ekua Krampah alipigwa na*

Akaweka chaki chini. Chaki ilibingirika mpaka ukingoni ikasimama. Msichana wa dawati la mbele alikuwa ameshika kalamu tayari.

"Kalamu mkononi, nyote," alisema mwana wa Katekista. "Mlikuwamo Machi. Mliona. Mimi sikuwamo, na mahakama haikuwamo. Nisikilizeni, vijana, kwa kuwa sitarudia: kila mmoja ataimaliza sentensi hiyo kwa mkono wake na kutia jina lake chini. Hakuna atakayetoka humu kabla hajaandika. Andikeni."